M.Ed ya Kenya na cheti cha mwalimu mkuu Texas: kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

*"Nilisomea ualimu Kenya: B.Ed ya hesabu na fizikia, kisha M.Ed ya usimamizi wa elimu. Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya upili kwa miaka sita kabla ya kuja Houston. Huu ni mwaka wangu wa nne kufundisha aljebra katika shule ya umma. Nina cheti kamili cha ualimu cha Texas na viza yangu ni ya H-1B. Mwalimu mkuu wetu ananihimiza niingie kwenye uongozi. Mwenzangu mmoja ananiambia M.Ed yangu pamoja na miaka ya unaibu inatosha, nitume tu maombi. Mwingine anasema lazima nisome masters upya hapa Marekani. Na kuna kozi ya wiki nane mtandaoni inayotoa 'cheti cha uongozi wa shule'. Nimfuate nani?"*

Mwalimu, kwanza usilipie kozi ya wiki nane, angalau mpaka umalize kusoma jibu hili. Kuhusu wenzako wawili, kila mmoja ameshika kipande tu cha ukweli. M.Ed yako yaweza kukubaliwa bila kuirudia, kwa hiyo anayekuambia usome masters nyingine huenda anakutia gharama isiyo ya lazima. Lakini hata ikikubaliwa, M.Ed hiyo pamoja na unaibu wako havikupi cheti cha mwalimu mkuu. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ni heri uijue yote kabla hujaianza.

Mkanganyiko huu unawapata walimu wengi waliotoka Kenya, na chanzo chake ni jinsi nchi hizi mbili zilivyogawa madaraka. Kenya, kwa Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010, Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, ndiyo inayomsajili mwalimu, kumwajiri, kumpandisha cheo, kumhamisha na kumwadhibu. Ukipewa barua ya kuteuliwa kuwa naibu, barua hiyo imebeba kila kitu kwa pamoja: sifa, kazi na kituo. Huko Texas mambo hayo yamo mikononi mwa watu watatu tofauti. Jimbo, kupitia Idara ya Elimu ya Texas, TEA, na bodi ya vyeti vya waelimishaji, SBEC, ndilo linaloweka masharti na kutoa cheti. Chuo kikuu au taasisi iliyoidhinishwa ndiyo inayokuandaa na kukupendekeza kwa jimbo. Wilaya ya shule ndiyo inayoajiri, na Texas ina wilaya zaidi ya 1,000, kila moja na nafasi zake na taratibu zake za kuajiri. Hakuna kati ya hawa watatu anayeweza kufanya kazi ya mwenzake. Mwalimu mkuu wenu anaweza kukupenda na kukutaka kesho asubuhi, lakini hana uwezo wa kukupa cheti. Jimbo nalo likikupa cheti halikuahidi kazi.

Cheti chenyewe, ambacho tafsiri ya jina lake ni "mwalimu mkuu kama kiongozi wa ufundishaji", kina masharti matano. Uwe na shahada ya uzamili kutoka chuo kinachotambuliwa. Uwe na cheti halali cha ualimu wa darasani. Uwe umefundisha darasani kwa miaka miwili inayohesabika. Umalize programu ya maandalizi ya walimu wakuu iliyoidhinishwa na jimbo. Na ufaulu mitihani miwili, ule wa namba 268 na tathmini ya utendaji ya namba 368, ambayo watu wengi huiita PASL. Cheti hikihiki ndicho kinachodaiwa pia kwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule za wilaya, kwa hiyo usidhani utaanza na unaibu kisha cheti kifuate baadaye.

Ukijipima kwa orodha hiyo, cheti cha ualimu unacho. Miaka miwili umeipita. Shahada ya uzamili huenda unayo, ikithibitishwa. Zimebaki programu na mitihani, na hizo hazina njia ya mkato.

Tuanze na M.Ed, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi zinapotea au kuokolewa. Ulipoomba cheti cha ualimu, shahada yako ya kwanza ilifanyiwa tathmini na mojawapo ya mashirika ya kutathmini vyeti vya nje yanayokubaliwa na TEA. Itafute ripoti ile uisome upya. Walimu wengi waliomba tathmini ya B.Ed peke yake kwa sababu ndiyo iliyohitajika wakati ule, na M.Ed haimo kabisa. Kama haimo, omba tathmini mpya ya M.Ed, ya kozi moja moja, inayoonyesha saa za masomo na wastani wa alama kwa mfumo wa Marekani. Usichukue ile fupi ya bei nafuu inayotaja jina la shahada tu. Programu za maandalizi huuliza wastani, na nyingi hudai angalau 2.5 kwa kipimo cha 4.0. Ukipeleka ripoti isiyo na wastani utarudishwa ukaanze upya na kulipa mara ya pili. Sentensi unayoitafuta katika ripoti ni ile inayosema shahada yako ni sawa na shahada ya uzamili ya Marekani. Ikisema hivyo, umepona. Ikisema ni sawa na masomo ya juu kiasi fulani baada ya shahada ya kwanza, basi yule mwenzako wa pili amepatia, na utahitaji masters.

Kinachochelewesha tathmini mara nyingi ni nakala rasmi ya matokeo. Mashirika mengi hutaka chuo kiitume chenyewe, na nakala uliyobeba kwenye begi haipokelewi hata kama ina mhuri. Iombe mapema kutoka ofisi ya msajili wa chuo chako cha Kenya, na ikiwezekana mtume ndugu afike pale kwa miguu, kwa maana barua pepe inaweza kukaa miezi bila jibu. Kagua pia majina. Kama cheti cha Kenya kina majina matatu na pasipoti ina mawili, au ulibadilisha jina ulipoolewa, andaa hati ya kuunganisha majina hayo kabla hujaulizwa. Jina lililo katika akaunti yako ya TEA lazima lilingane na kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Lisipolingana utazuiwa mlangoni, na ada ya mtihani itakuwa imekwenda.

Sasa ile miaka sita ya unaibu. Najua inauma kuambiwa haikupi cheti, hasa ukifikiria wanafunzi wa bweni uliowalea na walimu uliowasimamia. Texas haisemi kwamba hukufanya kazi hiyo. Inasema kwamba kazi si leseni. Jimbo lina mlango wa kupitia vyeti vya nje: mtu mwenye cheti cha uongozi wa shule kilichotolewa na jimbo jingine, au na mamlaka ya nchi nyingine inayotoa cheti cha aina hiyo, anaweza kuomba vyeti vyake vikaguliwe. Ulichonacho ni usajili wa TSC, ambao ni wa ualimu, na barua ya uteuzi, ambayo ni ya ajira. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho leseni ya mwalimu mkuu, kwa sababu Kenya haikupanga mambo yake hivyo. Mwenzako wa kwanza akisisitiza utume maombi kwa njia hiyo, mwambie utakuwa unalipia jibu la hapana.

Unaibu wako una faida mahali pengine. Wilaya nyingine huitambua miaka ya kufundisha nje ya nchi katika kupanga ngazi ya mshahara, ikithibitishwa kwa nyaraka, kwa hiyo omba TSC barua inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza, vyeo na shule, kisha uipeleke ofisi ya rasilimali watu ya wilaya yako. Peleka na ripoti ya M.Ed siku hiyohiyo: zipo wilaya zinazomwongezea mwalimu mwenye masters kiasi fulani kila mwaka, na huenda umekaa miaka mitatu bila kukidai. Siku ya usaili wa kazi pia uzoefu huo utazungumza. Kwa cheti tu ndipo unanyamaza.

Kuhusu miaka miwili ya darasani, wewe huna tatizo, lakini nitaeleza kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa. Sheria ya elimu ya Texas inamtambua mwalimu wa darasani kuwa mtu aliyeajiriwa na wilaya ya shule na anayefundisha kwa wastani wa saa nne au zaidi kwa siku. Mwalimu msaidizi hamo. Msimamizi wa muda wote hamo. Kwa hiyo mtu aliyefundisha mwaka mmoja kisha akahamishiwa kazi ya kocha wa walimu, bila darasa lake mwenyewe, anaweza kufika mwisho wa programu na kukuta ana mwaka mmoja tu. Uthibitisho ni rekodi ya utumishi inayotolewa na wilaya. Iombe sasa, ihakiki kwamba kila mwaka umeandikwa ipasavyo, uiweke. Ukihama wilaya ndipo rekodi hizi hupotea njiani.

Tuje kwenye programu, na kozi yako ya wiki nane. Cheti cha jimbo hakiombwi na mtu peke yake akiwa na makaratasi yake. Kinaombwa, halafu programu iliyoidhinishwa inakupendekeza kwa njia ya kielektroniki. Bila pendekezo hilo maombi yanabaki yamesimama. Kozi yoyote ambayo haimo katika orodha ya TEA ya programu zilizoidhinishwa kwa ngazi ya mwalimu mkuu haina uwezo wa kukupendekeza, hata kama cheti chao kina muhuri wa dhahabu. Huenda ukajifunza kitu humo, sikatai, lakini kwa leseni haikusaidii. Kanuni za jimbo zinadai programu iwe na angalau saa 200 za masomo na mafunzo, pamoja na saa 160 za mazoezi ya vitendo shuleni. Wiki nane kwa mtu anayefundisha mchana kutwa hazibebi saa hizo.

Mtego mkubwa kuliko huo ni masters halali kabisa, ya chuo kinachotambuliwa, lakini cha jimbo jingine. Chuo kinatangaza shahada ya uongozi wa elimu, unasoma mtandaoni ukiwa Houston, unahitimu, kisha unagundua kwamba hakijaidhinishwa kuwaandaa walimu wakuu wa Texas. Ili ufaidike nayo itabidi kwanza upate cheti cha jimbo la chuo hicho, kama kitakubali kukupendekeza huko, ndipo uombe Texas ikikague. Hapo M.Ed ya pili imekuletea safari ya pili.

Kwa hali yako, kama tathmini itasema M.Ed yako ni sawa na ya Marekani, tafuta programu ya cheti peke yake, ile inayompokea mtu ambaye tayari ana masters. Hutolewa na vyuo vikuu, na baadhi ya vituo 20 vya huduma za elimu vya mikoa navyo huwa nayo. Cha Houston ni Region 4. Kabla ya kulipa, angalia hadhi ya programu kwenye tovuti ya TEA. Ikiwa imeidhinishwa bila onyo, sawa. Ikiwa chini ya onyo au katika kipindi cha majaribio, uliza kwa nini. Kisha muulize afisa wa vyeti wa programu, kwa maandishi, mambo haya: mnakubali masters ya nje iliyotathminiwa, na kutoka shirika gani? Gharama yote ni kiasi gani mpaka siku ya kupendekezwa, na ada za mitihani zimo au hazimo? Nisipomaliza mazoezi katika muhula huu, nalipa tena? Nani atanisimamia, na atakuja shuleni mara ngapi? Programu nzuri hujibu haya kwa barua pepe moja. Inayokujibu kwa kukupigia simu za kukuharakisha uisogeze mbali.

Sitakuficha kwamba masters ya pili ina faida zake. Utasoma sheria ya shule ya Texas, bajeti yake na elimu maalum yake kwa utulivu zaidi, na utajuana na watu watakaokuwa kwenye kamati za usaili miaka ijayo. Lakini ni pesa nyingi kununua kitu ambacho jimbo halikudai kwako. Ningeichagua tu kama tathmini imekuangusha, au kama wilaya yako inalipa karo.

Zile saa 160 za vitendo ndipo walimu wanaofundisha muda wote huelemewa. Ukizigawa kwa wiki 36 za mwaka wa shule ni kama saa nne na nusu kwa wiki, na inawezekana. Ukizibana katika muhula mmoja ni saa tisa kwa wiki juu ya kazi yako. Mazoezi hayawezi kufanyika yote wakati wa likizo ya kiangazi, kwa hiyo mpango wa "nitafanya Juni" utakuangusha. Utakuwa na msimamizi wa shuleni, mwenye cheti na angalau miaka mitatu ya uzoefu katika uongozi, na msimamizi kutoka programu atakayekuangalia kazini angalau mara tatu, kwa jumla isiyopungua dakika 135. Mwalimu mkuu wenu amekuhimiza. Basi zungumza naye kwa undani kabla ya kujisajili. Mwombe jambo moja mahususi: nani atashika darasa langu ninapoketi kwenye mikutano?

Kosa la kawaida ni kujaza saa kwa zamu: kusimamia mabasi, kantini, korido, mechi za Ijumaa. Ni kazi ya shule, lakini haikufundishi unachopimwa. Jaza saa zako kwa kuketi kwenye kamati ya ARD, inayopanga huduma za mtoto mwenye ulemavu, na kamati ya LPAC, inayoamua huduma za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Kaa na anayepanga ratiba kuu. Tazama mwalimu mkuu anavyompa mwalimu maoni baada ya kumwangalia darasani. Pitia bajeti ya shule pamoja na katibu wake. Hasa ARD: katika unaibu wako wa Kenya huenda hukukutana na kitu kinachofanana nayo, yaani mkutano wenye nguvu ya sheria ya shirikisho, ambamo mzazi ni mwanakamati kamili na shule haiwezi kumpangia mtoto huduma bila kufuata taratibu. Walimu wakuu wapya huingia matatani hapo kuliko karibu mahali pengine popote.

Mtihani wa 268 hufanywa kwenye kompyuta, katika kikao cha saa tano. Una maswali ya kuchagua majibu na maswali manne ya kuandika kwa maelezo, na alama ya kupita ni 240 katika kipimo cha 100 hadi 300. Una maeneo sita: utamaduni wa shule, kuongoza ujifunzaji, rasilimali watu, uongozi wa kiutendaji, shughuli za kimkakati, na maadili na usawa. Mawili ya kwanza ndiyo yaliyobeba uzito mkubwa. Programu lazima ikuruhusu kabla ya kujisajili, na sheria inakupa nafasi tano tu: ya kwanza na marudio manne, kwa pengo la angalau siku 30 kati ya moja na nyingine. Kwa hiyo usiende "kuuonja".

Wanaoanguka ilhali wana uzoefu wa uongozi mara nyingi huangushwa na uzoefu wenyewe. Swali linakuambia darasa la saba limeshuka katika hesabu na walimu wawili hawashirikiani. Aliyezoea utawala anaandika: nitaitisha kikao cha walimu, nitatoa waraka, nitawaita wazazi, nitafuatilia nidhamu. Msahihishaji anatafuta kitu kingine: je, umesoma data iliyoambatishwa, ukataja namba yenyewe na kundi la wanafunzi lililoachwa nyuma? Umeonyesha chanzo katika ufundishaji, au umelaumu tu matokeo? Hatua yako inamgusa mwalimu ndani ya darasa, kwa mfano kupanga somo pamoja, kumwangalia akifundisha, kumpa maoni, kurudi tena baada ya wiki mbili? Na utajuaje kwamba imefaulu? Jibu bila data iliyotolewa ni jibu la nusu, hata kama hekima yake ni kubwa. Jizoeze kuandika kwa saa, ukiwa na jedwali la matokeo mbele yako, mara kumi au zaidi kabla ya siku yenyewe.

Tathmini ya 368 si mtihani wa kukaa. Ni kazi tatu unazozifanya kweli shuleni wakati wa mazoezi, kisha unaandika na kuwasilisha pamoja na ushahidi. Ya kwanza ni kutatua tatizo linalogusa ufundishaji na ujifunzaji. Ya pili ni kupanga na kuendesha mafunzo ya walimu na kufuatilia kama yamebadilisha kitu darasani. Ya tatu ni kujenga ushirikiano wa timu ya walimu, nayo inadai video ya dakika 15 ukiwa kazini na timu hiyo.

Chagua tatizo dogo. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wenye ari huchagua "kuinua ufaulu wa shule nzima" na muhula unaisha hawana cha kuonyesha. Tatizo la darasa la tisa kushindwa sehemu moja ya aljebra, kwa walimu watatu, ndani ya wiki nane, lina mwanzo, hatua na matokeo yanayopimika. Kusanya data ya mwanzo kabla hujagusa kitu, maana ukishaanza hutaweza kuirudia. Omba ruhusa za maandishi za kila atakayeonekana kwenye video kabla ya kurekodi, na futa majina ya wanafunzi, walimu na shule kwenye kila hati. Jaribu sauti: video zenye mazungumzo mazuri yasiyosikika ni hasara ya bure. Katika maandishi, usiishie kusimulia ulichofanya. Alama zipo kwenye uchambuzi, yaani kwa nini ulichagua hatua hii na si ile, kipi hakikufanya kazi, na ungebadilisha nini. Kukiri kwamba mafunzo yako ya kwanza yalimpita mwalimu mmoja, kisha kueleza ulichorekebisha, kuna uzito kuliko kudai kila kitu kilifana.

Ukimaliza, unaomba cheti kupitia akaunti yako ya TEA, unalipa ada, na programu inakupendekeza. Alama za vidole ulishatoa ulipopata cheti cha ualimu. Ukipata kazi kabla ya kumaliza, kuna cheti cha muda cha mwaka mmoja ambacho programu inaweza kukupendekezea, lakini hiyo ni njia ya mtu ambaye wilaya imeshamshika mkono.

Baada ya cheti bado kuna mafunzo mawili yanayoulizwa kwenye usaili: AEL, ya uongozi wa ufundishaji, na T-TESS, mfumo wa jimbo wa kutathmini walimu, wenye mtihani wake. Bila hayo huruhusiwi kumtathmini mwalimu chini ya mfumo huo, na naibu asiyeweza kutathmini ni nusu ya naibu. Vituo vya mikoa huyafundisha, na unaweza kuanza AEL ukiwa bado kwenye programu. Mwaka wa kwanza kazini utakuwa na kipindi cha kulelewa na mshauri. Cheti huhuishwa kila miaka mitano kwa saa 200 za mafunzo endelevu, badala ya 150 za mwalimu wa darasa.

Kuna milango ya pembeni. Shule za umma zenye mkataba maalum, zile zinazoitwa charter, kisheria hudai mwalimu mkuu awe na shahada ya kwanza tu, na shule za binafsi hujiwekea masharti zenyewe. Huko uzoefu wako wa Kenya unaweza kukupa kazi mapema. Lakini nyingi hupendelea mwenye cheti, na ukitaka kurudi wilayani baadaye utarudi kwenye masharti yaleyale. Kazi ya kocha wa walimu ni daraja zuri zaidi kwako, kwa kuwa miaka yako miwili ya darasani tayari imetimia na huipotezi kwa kuhama. Uiombe hata mwaka huu.

Viza ndiyo sehemu ambayo sitaki uiamue kwa kusoma mtandaoni. Ombi la H-1B, viza ya kazi ambayo mwajiri ndiye anayekuombea, limefungwa kwa kazi iliyoelezwa ndani yake. Ukihama kutoka ualimu kwenda unaibu, hata katika shule ileile, wilaya inaweza kulazimika kuwasilisha ombi lililorekebishwa kabla hujaanza kazi mpya. Na kama wilaya imekuanzishia makazi ya kudumu kwa kazi ya ualimu, kupandishwa cheo katikati ya safari kunaweza kuivuruga. Anayesoma hili akiwa na viza ya J-1 ya ualimu afahamu kwamba viza ile ni ya kufundisha, si ya uongozi. Mwone wakili wa uhamiaji ana kwa ana, ukiwa na nakala ya ombi lako la sasa, kabla ya kukubali cheo, na hasa kabla ya kusaini mkataba mpya. Umuulize pia kama wakili wa wilaya anakuwakilisha wewe au wilaya, maana maslahi yenu yanaweza kutofautiana.

Kisha panga siku moja uende kwa afisa wa vyeti wa programu uliyoichagua, na nyingine kwenye ofisi ya rasilimali watu ya wilaya. Chukua ripoti ya tathmini ya M.Ed, cheti cha ualimu, rekodi ya utumishi ya Texas na barua ya TSC. Mwambie afisa akuandikie, kwa jina lako, kilichotimia na kilichobaki. Karatasi hiyo ikiwa na tarehe na jina la aliyeiandika, ndiyo ya kuonyesha mtu yeyote atakayekuambia tena kwamba M.Ed ya Kenya haifai.